Daftari la Wiki: Mizani, Simu na Ubao

Mizani

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, aghalabu mwezi wa Mei, hapa Mwamapalala, wilayani Itilima, hakuna chombo kinachotazamwa na macho mengi kuliko mizani. Maana taabu yote ya mkulima, tangu kupanda hata kupalilia, kunyunyiza dawa na kuchuma, hugeuka tarakimu moja mbele ya uso wake, na tarakimu hiyo ikipunguzwa kwa hiana, mwaka wake mzima umepunguzwa. Mimi ni mpenzi wa mitambo, na mizani ya kielektroniki inayoingia katika vituo vya ununuzi naifurahia kwa dhati, ila siamini kwamba kioo kinachong'aa ni ushahidi wa uadilifu. Wazee wa Usukuma walikwisha kulielewa jambo hili kabla ya uhuru: mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipochoka kupunjwa na wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe ili pamba ipimwe upya na watu wanaowaamini, na kutokana na juhudi za namna hiyo, zilizoongozwa na Paul Bomani, aliyekuja kuwa waziri wa fedha, likaundwa mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Mizani hawakuikataa, waliikagua. Huo ndio msimamo ninaoutetea katika kurasa za wiki hii: kila anayehukumiwa kwa chombo ana haki ya kukichungua.

Tozo

Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, kijana aliyeko Mwanza humtumia mama yake fedha hapa Itilima kwa kitambo kifupi, ilhali zamani bahasha ilikabidhiwa kondakta wa basi pamoja na dua. Basi serikali ilipoanza kutoza miamala ya simu tarehe 15 Julai 2021, kwa viwango vya kuanzia shilingi 10 hata 10,000, manung'uniko yalienea nchi nzima, na Septemba ya mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Wako waliosema kwamba wananchi hawapendi kodi. Mimi nauona mkasa ule kwa jicho jingine: mara nyingi kodi hujificha ndani ya bei ya sukari na sabuni, bali hii ilijitokeza katika ujumbe wa simu, ikamwonyesha kila mtu kiasi alichokatwa, naye aliyekiona alipata hoja ya kuuliza. Serikali ilijibu kwamba fedha zile zinajenga vituo vya afya na madarasa. Jibu hilo lingetimia lau kila ubao wa matangazo wa kata ungebandikwa hesabu ya kilichopokelewa na kilichojengwa, kwa uwazi uleule uliotumika kukata. Siasa bora ninayoijua mimi ni hiyo, nayo haihitaji jukwaa wala kipaza sauti.

Habari

Mwaka 1973, katika kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika vijijini katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana na kiongozi wao, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ya wakati ule ilimilikiwa na dola, na sauti zilizopingana nayo hazikupata nafasi. Kasoro hiyo haifai kusahauliwa. Hata hivyo yale mazungumzo ya baada ya kipindi ndiyo tuliyoyapoteza, maana leo kila mmoja hupokea habari peke yake katika simu, huisambaza kabla hajaipima, na hakuna aliyeketi karibu wa kumwuliza ameitoa wapi. Dawa ya maradhi hayo siioni katika kuzima. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Uvumi hauhitaji intaneti ili kusafiri. Kinachoihitaji ni ukanushi, picha yenye tarehe na ushahidi wa pili. Raia aliyenyimwa vyote hivyo katika saa nzito kuliko zote amenyimwa mizani.

Shule

Mwaka 1974, baada ya mtambo wa kompyuta wa hesabu za Hazina kuleta hasara, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu ya hofu ile ilikuwa ya kweli, lakini marufuku ilichelewesha kupatikana kwa Watanzania ambao wangeweza kuirekebisha hasara yenyewe. Miaka 30 baadaye, mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili, ambayo mtu yeyote mwenye ujuzi aliruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuibadilisha. Hapo ndipo napaona mahali pa kuanzia, hasa kwa mtoto wa huku, anayezungumza Kisukuma nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza: kama hawezi kuuliza kwa lugha anayoimudu, atajifunza kubonyeza tu.

Sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 inaifanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Katika miaka hiyo yote, namwomba mwalimu wa hisabati jambo moja, ambalo halisubiri kompyuta wala umeme: msimu ujao, kwa ridhaa ya uongozi wa chama cha msingi cha ushirika, awapeleke wanafunzi wake kwenye kituo cha pamba na mawe ya kupimia yenye uzito uliothibitishwa, wayaweke juu ya mizani kabla ya gunia la kwanza, waandike tofauti wakiiona, na waisome kwa sauti mbele ya wazazi wao. Nao madiwani wetu wawalinde watoto hao, hata kama tarakimu watakazozisoma zitawaudhi wakubwa.