Muuzaji wa vitu vilivyotumika ameachwa peke yake mbele ya matapeli

Ndugu Mhariri,

Familia inayohama nyumba hapa Dar es Salaam haikosi kitu cha kuuza: friji isiyoingia kwenye jiko jipya, kitanda cha mtoto aliyekwishakua, runinga iliyopisha nyingine. Zamani kitu kama hicho kiliuzwa kwa jirani, au kilikaa kwa fundi pale barabarani mpaka apatikane mteja. Leo kinapigwa picha, kinawekwa mtandaoni, na chini yake inaandikwa namba ya simu na maneno "maelewano yapo". Haipiti saa moja simu inaita. Tatizo ni kwamba miongoni mwa wanaopiga siku hizi yumo mtu ambaye hana haja ya friji wala kitanda.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tabata alikutana na mtu wa aina hiyo. Alikuwa anauza friji kwa shilingi 430,000. Mteja alipiga, akasalimia kwa adabu zote, "Shikamoo mama", akauliza kama friji inagandisha vizuri, kisha akakubali bei hiyo hiyo bila kuomba apunguziwe hata elfu tano. Hapo pekee palitosha kumshtua mtu, maana katika mji huu hakuna anayenunua kitu kilichotumika bila kuvutana bei. Akasema yuko Morogoro kikazi, hawezi kufika, ila atatuma kirikuu ije kubeba mzigo na pesa ataituma kwenye simu.

Kirikuu ikafika kweli. Dereva hakujua lolote. Alikuwa amekodiwa kwa simu kama anavyokodiwa kila siku. Friji ikiwa inashushwa ngazi, ujumbe ukaingia: imethibitishwa, umepokea Tsh 480,000. Sekunde chache baadaye mteja akapiga. "Mama, samahani sana, nimezidisha hamsini. Naomba unirudishie kwenye namba hii, dereva ananidai mafuta." Mwalimu akaituma.

Ushahidi wote ulikuwa mkononi mwake. Ujumbe ule ulitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, wakati ujumbe wa kweli wa pesa huja kwa jina la huduma yenyewe na kukaa pamoja na jumbe zake za siku zote. Uliandika kwamba salio jipya ni 480,000 kamili, kana kwamba kabla ya hapo hakuwa na hata senti, ilhali alikuwa na 62,000. Tena alipotuma ile hamsini, ujumbe halisi wa huduma ulimwambia kwamba amebakiwa na zaidi kidogo ya elfu kumi. Hakuusoma. Watu walikuwa wanaita getini, kirikuu inanguruma, na mteja yupo hewani anaendelea kumshukuru.

Hivyo ndivyo utapeli huu unavyofanya kazi. Teknolojia yake ni ndogo sana; kinachotumika ni haraka na aibu. Muuzaji anaona vibaya kumweka dereva juani huku akikagua salio, na anaona vibaya zaidi kumwonyesha mteja mwenye adabu kwamba hamwamini. Akisitasita, anaambiwa "mtandao unasumbua, salio litasoma baadaye". Uongo huo unakubalika kwa sababu mitandao husumbua kweli. Kila mmoja wetu amewahi kusubiri pesa iliyochelewa, na tapeli anajificha ndani ya kero hiyo hiyo.

Basi muuzaji akumbuke mambo machache anapouza. Pesa imefika pale tu salio lilipopanda, na salio huangaliwa na mwenye simu mwenyewe kupitia menyu au programu ya huduma, si kupitia ujumbe wala picha ya risiti iliyotumwa WhatsApp. Hata mnunuzi akituma kutoka benki au mtandao mwingine, ujumbe wa kupokea hutoka kwenye huduma ya mpokeaji. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Anayemwambia muuzaji aingize namba ya siri "ili muamala ukamilike", au abonyeze kiungo fulani ili alipwe, anataka kumwibia. Na aliyezidisha malipo asubiri. Kama pesa imeingia kweli, huduma kwa wateja ina utaratibu wake wa kuirudisha, na utaratibu huo hauhitaji muuzaji atume pesa kwenye namba ya tatu.

Lakini kuna utapeli mwingine ambao hata mtu makini anaweza kuangukia, na unastahili kuelezwa kwa kirefu. Tapeli anachukua picha za sofa kutoka kwenye tangazo la mwenye mali, anaziweka kwenye tangazo lake kwa bei ya chini zaidi, kisha anampata mnunuzi wa kweli. Anampigia mwenye sofa: "Namtuma mdogo wangu aje aione, ila usiongee naye habari za bei, nitalipa mimi." Anampigia mnunuzi: "Nenda nyumbani, utamkuta dada yangu. Usimtajie bei, nimemwambia nauza kwa bei nyingine, atanidai cha juu." Mnunuzi anafika, anaiona sofa kwa macho yake, anaikalia, anaridhika, anatuma pesa kwa tapeli. Mwenye sofa anasubiri malipo ambayo hayaji. Wote wawili ni watu waaminifu, wote wamesimama sebule moja, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye mwizi. Mara nyingine wanafikishana polisi. Dawa yake ni sentensi moja ambayo tapeli amewakataza wote wawili wasiitamke: "Wewe umeambiwa ulipe kiasi gani, na kwa nani?"

Nirudi kwa mwalimu, kwa sababu barua hii inawahusu zaidi waliopaswa kumsaidia. Jioni ile alipogundua, alipiga simu huduma kwa wateja ya kampuni yake ya simu. Akaambiwa alete RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Kituoni akaambiwa aanzie kwenye kampuni ya simu. Aliporudi kituoni siku ya pili akapata RB, na kampuni ikamjibu kwamba pesa imeshatolewa kwa wakala. Dereva wa kirikuu alikuwa tayari kueleza ni wapi alielekezwa kushusha friji na ni gari gani iliyoipokea. Namba yake ya simu ilikuwepo. Hakuna aliyempigia. Ila swali moja mwalimu aliulizwa kila alipofika: "Sasa mama, kwa nini hukuangalia salio?"

Swali hilo linaudhi kwa sababu linamfanya aliyeibiwa kuwa mtuhumiwa. Nchi hii haina upungufu wa nyenzo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na baada ya muda kuongezwa hadi Januari 20, 2020, laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Wananchi walipanga foleni ndefu za vitambulisho vya NIDA wakiambiwa kwamba, pamoja na mengine, hatua hiyo itakomesha utapeli. Kila laini iliyompigia mwalimu ina jina na alama ya kidole cha mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na udanganyifu wa kompyuta umo ndani yake. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) imetoa namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli, na kwa *106# mtu anaweza kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Kila msomaji afanye hivyo leo, maana laini nyingi za utapeli husajiliwa kwa majina ya watu wasiojua. Taarifa za robo mwaka za mamlaka hiyo zimeshataja hata mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai, Rukwa na Morogoro zikiwa miongoni mwake.

Kama inajulikana ni mikoa gani, na laini zina vidole vya watu, kinachokosekana ni nini?

Kinachokosekana ni mwendo. Pesa ya kwenye simu inakwenda kwa sekunde, lakini malalamiko yanakwenda kwa miguu, kutoka dirisha moja hadi jingine. RB ni muhimu ili kesi ifunguliwe, lakini isiwe sharti la kuzuia pesa. Kampuni za simu zipokee taarifa ya utapeli kwa simu saa yoyote, zishikilie kiasi kinachobishaniwa papo hapo, kisha zimpe mlalamikaji muda wa kuleta RB. Asipoleta, pesa iachiwe. Benki Kuu, ambayo ndiyo inayosimamia fedha za kielektroniki, iweke muda huo kwa maandishi ili usitegemee huruma ya mhudumu aliyepokea simu. Mawakala nao waulizwe. Anayetoa pesa anapaswa kuonyesha kitambulisho, lakini kila mtu anajua vibanda ambavyo daftari linajazwa bila kitambulisho kutazamwa.

Wenye majukwaa ya kuuzia vitu wana sehemu yao pia. Wanapokea ada za matangazo, wanaona namba moja ikitangaza vitu kumi kwa majina tofauti, na kitufe cha kulalamika kinampeleka mtu mahali pasipojibu.

Kwa TCRA na Jeshi la Polisi, ombi ni hili: taarifa ya robo mwaka ijayo, pamoja na idadi ya majaribio na laini zilizofungiwa, iandike pia ni watu wangapi walifikishwa mahakamani kwa utapeli wa aina hii, katika mikoa gani, na ni walalamikaji wangapi walirudishiwa pesa zao.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam