Tuelezeni Kabla ya Sindano

Kwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Kaunti ya Nakuru.

KUH: HAKI YA MGONJWA KUELEZWA KUHUSU DAWA ZA USINGIZI

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka jana nilimpeleka mama hospitalini Naivasha kuangaliwa tumbo kwa ule mpira wenye kamera unaopitishwa kooni. Tulitoka Ndabibi alfajiri, mama hajatia kitu kinywani tangu usiku. Aliletewa fomu akaambiwa aweke kidole. Akauliza, "Mwanangu, mtanilaza usingizi?" Akajibiwa, "Ni kasindano kadogo tu, shosho."

Baadaye nilimkuta ameketi kwenye benchi, macho wazi. Muuguzi akaniambia daktari ameshamweleza yote, naye ameitikia vizuri. Matatu ilipofika Kongoni, mama akanishika mkono: "Kwani wameshanipima?" Hakukumbuka neno hata moja. Ilitubidi turudi siku nyingine kuuliza majibu na namna ya kumeza dawa.

Nimekuja kuelewa kilichotokea. Midazolamu, dawa itumikayo sana katika uchunguzi huu, humtuliza mtu na kumwondolea hofu, lakini pia huzuia kumbukumbu. Mgonjwa aweza kukutazama na kukujibu, kisha yote yakampotea. Kumpa maelezo wakati huo ni kuteka maji kwa gunia.

Na lile jibu la "kasindano kadogo" halikutosha. Kutulizwa si sawa na kulazwa usingizi mzito wa upasuaji. Anayetulizwa kwa kawaida huitika akiitwa, na hupumua mwenyewe. Lakini dawa ikizidi, au mgonjwa akiwa mzee au mwenye maradhi ya mapafu, pumzi zaweza kufifia kimyakimya. Ndiyo maana kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni ni cha lazima, pamoja na mhudumu ambaye kazi yake ni kumwangalia mgonjwa tu. Tena wapo wanaofanyiwa uchunguzi huu kwa kutiwa ganzi ya koo peke yake. Mama hakuambiwa kwamba njia hiyo ipo.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, tena kwa lugha anayoielewa. Kidole kwenye fomu isiyosomwa hakitimizi sheria hiyo.

Mheshimiwa, jambo hili ni la uhai. Saratani ya umio imeenea katika Bonde la Ufa, na kamera ndiyo inayoweza kuiona kabla haijaziba njia ya chakula. Lakini jirani akisikia kwamba mama fulani alichomwa sindano akapotewa na asubuhi nzima, huvumilia chakula kukwama kooni kwa kuogopa kwamba hataamka. Hofu hiyo haiondolewi kwa kumwambia asiogope. Huondolewa kwa kumweleza.

Kwa hiyo naomba uagize mambo manne katika kila hospitali ya kaunti. Mgonjwa aelezwe dawa atakayopewa kabla ya kulala kitandani, kwa Kiswahili, Kikuyu, Kimaasai au lugha yoyote aijuayo, na aulizwe kama anaitaka. Pasiwe na sindano ya kutuliza mahali pasipo na kipimo cha oksijeni au pasipo na mtu wa kuangalia pumzi. Apewe majibu akiwa ameamka sawasawa, aliyemsindikiza akiwepo, na yaandikwe kwenye karatasi. Tena asiruhusiwe kuondoka peke yake: kutoka Naivasha hadi kwetu ni mwendo mrefu, na aliyelewa dawa hafai kupakiwa nyuma ya bodaboda.

Mengi ya haya hayadai fedha. Yanadai dakika chache za mazungumzo.

Mama anatakiwa kurudi kupimwa tena, na amekubali kwenda. Lile swali lake la kulazwa usingizi ameniomba niliandike kwenye karatasi, nimpe daktari mlangoni, kabla ya sindano.

Wako mwaminifu,
Mkulima wa viazi, Ndabibi.