Majengo ya Kijani na Somo la Milimani

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kisumu wakati wa adhuhuri na kuingia mtaa wa Milimani huyahisi mabadiliko kabla hajayaona. Jua ni lile lile, lakini hapa miti mikongwe ingali inatandaza kivuli, na nyumba za enzi ya ukoloni zina dari za juu, upenu mpana na baraza. Kando yake yameinuka majumba ya ghorofa. Baadhi yake yana vioo vikubwa vinavyotazama magharibi, na niyapitapo alasiri nasikia viyoyozi vikinguruma.

Sizisifu nyumba hizo kwa ajili ya wenyewe. Zilijengewa watu wachache kwenye viwanja vikubwa, na Mwafrika aliziingia kama mtumishi. Hata hivyo, elimu haikataliwi kwa sababu ya mkono ulioileta.

Elimu hiyo ndiyo leo hupimwa kwa jina la majengo ya kijani. Uingereza ilianzisha mfumo wa BREEAM mwaka 1990, na Marekani ikafuata na LEED mwaka 1998. IFC, tawi la Benki ya Dunia, lina mfumo uitwao EDGE, ambao hutumika pia nchini Kenya. Mwaka 2022, Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya nacho kilizindua kipimo kiitwacho Safari, kilichokusudiwa mazingira ya Afrika. Jengo hukaguliwa, hupewa alama, kisha cheti.

Jambo hilo ni jema. Lakini walimu watanielewa nikiuliza: je, mtihani huu unapima nini? Katika LEED kuna alama 110, na jengo lililotimiza masharti ya lazima huhitaji 40 tu ili kufuzu. Kwa hiyo udhaifu wa upande mmoja waweza kufidiwa na upande mwingine, kama mwanafunzi anayeficha hesabu nyuma ya historia. EDGE haikubali fidia hiyo. Hudai jengo lipunguze walau asilimia 20 katika kila upande: nishati, maji, na vifaa vya ujenzi. Lakini kulinganishwa na nini? Na jengo la kawaida la mahali hapo. Basi tukizoea kujenga vibaya, aliyetupita kidogo ataonekana hodari.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua huzipiga kuta za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri, mwaka mzima. Hivyo jengo refu lafaa kulala kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yake yakitazama kaskazini na kusini chini ya upenu, na njia ikiachwa wazi kwa upepo wa ziwa uvumao mchana. Uamuzi huu hufanywa kwenye ramani, na mara nyingi haugharimu hata shilingi moja. Mjini Harare, jengo la Eastgate lililobuniwa na Mick Pearce lilifunguliwa mwaka 1996, miaka miwili kabla ya LEED. Hupozwa hasa kwa hewa baridi ya usiku inayopitishwa ndani ya sakafu nzito.

Wapo watakaosema kwamba ardhi ni ghali na bangaloo haziwezi kuwatosha watu. Ni kweli, na sidai turudi huko. Ghorofa huwapa watu wengi makao kwenye ardhi ndogo, na hiyo yenyewe ni akiba. Ninachodai ni kwamba kabla ramani haijapigwa muhuri, mkaguzi aulize maswali matatu: jua litapiga wapi, upepo utaingilia wapi, na maji ya mvua yatakwenda wapi? Tusipouliza sasa, wapangaji watalipia jibu kila mwezi katika bili ya umeme, kwa muda wote ambao jengo litasimama.

Wala tusiwaachie matajiri somo hili. Darasa la mabati lililoelekezwa vibaya huwachosha watoto kabla ya kengele ya saa nane. Mwalimu wa jiografia aweza kuanza kesho kwa dira na kipimajoto: wanafunzi wapime madarasa mawili yanayotazama pande tofauti, asubuhi na alasiri, kwa muda wa muhula mmoja. Matokeo wayapeleke kwa halmashauri ya shule kabla darasa jipya halijachimbiwa msingi.