Betri ya kompyuta: asilimia 80 yatosha, ila si kila siku

Katika Goma, Bukavu na Butembo, umeme ukirudi kila kitu huchomekwa mara moja: simu, taa, radio na kompyuta. Kompyuta inalala kwenye umeme usiku mzima, asubuhi inaonyesha asilimia 100, na mwenyewe anafurahi. Hajui kwamba mazoea hayo ndiyo yanayochakaza betri yake.

Betri za kompyuta za leo ni za litiamu. Seli yake ikijaa hufika karibu volti 4.2, na kukaa muda mrefu katika kiwango hicho, hasa penye joto, huifupishia maisha. Ndiyo sababu mashini nyingi za Lenovo, ASUS, Dell na HP zina mpangilio wa kusimamisha chaji ao kuipunguza kabla betri haijajaa, mara nyingi kwenye asilimia 80. Mpangilio huo hupatikana katika programu ya mtengenezaji ao katika BIOS, na hauombi hata franka moja.

Wapo wanaopinga. Wanasema kwamba mahali umeme unapokatika bila taarifa, kujinyima asilimia 20 ni ujinga. Hoja hiyo ina uzito. Mwanafunzi anayemaliza kazi yake ya mwisho wa masomo hapaswi kulaumiwa akijaza mpaka 100 kabla ya usiku wa giza. Lakini kujaza kwa ajili ya usiku mmoja si sawa na kuacha betri imejaa wiki nzima. Mpangilio si kifungo: unawashwa, unazimwa. Mwenye duka la fotokopi, ambaye mashini yake haitoki kwenye umeme, aweke 80. Anayesafiri kesho ajaze.

Tena, ile imani kwamba betri lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe imepitwa na wakati. Ilifaa kwa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Litiamu huumia ikiachwa kwenye sifuri, sawa vile inavyoumia ikipata joto juu ya godoro.

Wauzaji wa mashini za okazyo nao wana deni kwa wateja. Katika Windows, amri powercfg /batteryreport huonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo uliobaki. Mteja aombe kuona hesabu hiyo kabla ya kutoa dola zake, na muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na betri nyingi za kompyuta zimetengenezwa kwa madini hayo. Yanatoka Kolwezi kwa bei ndogo, yanarudi yakiwa betri ambayo mzazi anainunua kwa shida. Kuinunua mara mbili kwa kukosa kubonyeza kitufe kimoja ni hasara inayoweza kuepukwa.