Moyo peke yake hauendeshi pikipiki

Jambo linalonikera ni tabia ya vijana wetu kuingia katika mashindano magumu ya pikipiki huku miili yao haiko tayari, na tabia ya sisi watu wazima kuwapigia makofi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Ufipa, Mkoa wa Rukwa. Huku kwetu mahindi yakishaingia ghalani na mengine kuuzwa, vijana hupata fedha kidogo na nafasi ya kupumua. Mwaka huu vijana wa kijiwe cha bodaboda wamepanga kushindana. Wataanzia huku juu, wapite njia za ng'ombe na makorongo, wateremke hadi bonde la Ziwa Rukwa, kisha wapande tena siku hiyo hiyo. Mshindi atapewa mbuzi na petroli.

Kwa msomaji asiyelijua eneo hili, napenda kueleza kwamba Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kiasi cha mita 800. Hivyo mshindani atashuka mita 1,000 na kuzipanda tena. Huku juu wakati wa kipupwe asubuhi ni baridi ya kuuma vidole. Kule bondeni mchana ni jua kali na vumbi. Aliyewahi kusafiri kutoka Ntendo kwenda Muze anaujua mteremko huo, na ile ni barabara. Vijana wetu wanataka kupita pasipo na barabara.

Ndugu Mhariri, nisieleweke vibaya. Sipingi mashindano. Michezo ni afya, na kijana anayejua kuongoza pikipiki juu ya mawe na mchanga ana ujuzi utakaomfaa maisha yake yote. Ninachopinga ni kwamba miongoni mwa waliojiandikisha yumo kijana aliyetoka kuugua malaria juzi juzi, ambaye akipanda kilima cha shuleni kwa miguu hupumzika mara mbili. Yumo mwingine aliyevunjika mfupa wa mtulinga miezi michache iliyopita, na mpaka leo hawezi kuinua ndoo kwa mkono huo. Wote wawili niliwafundisha darasani. Nimewasihi wasubiri mwaka ujao. Jibu nililopata ni kwamba pikipiki inaendeshwa na moyo, na kwamba atakayejitoa ataitwa mwoga mpaka azeeke.

Wanapotetea maneno hayo humtaja John Stephen Akhwari. Ni haki yao kumtaja, kwani ni fahari ya taifa letu. Tarehe 20 Oktoba, 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, Akhwari alianguka njiani akaumia goti na bega. Hakuacha. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile aanze mbio tu, bali azimalize.

Lakini wanaomtaja kijiweni husimulia nusu ya habari. Akhwari hakwenda Mexico akiwa mgonjwa. Alikwenda akiwa mkimbiaji aliyeiva kwa mazoezi, na ajali ilimkuta njiani. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970 mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Nguvu iliyomfikisha uwanjani siku ile ilitokana na mwili alioutengeneza kwa miaka mingi. Ujasiri ulikuja juu ya maandalizi. Haukuchukua nafasi yake. Tena tukumbuke kwamba mkimbiaji akiishiwa nguvu huketi chini ya mti. Mwendesha pikipiki akiishiwa nguvu kwenye mteremko huanguka pamoja na chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 100.

Tuwatazame na wale wanaoshindana kwa pikipiki hasa. Duniani mbio zinazojulikana zaidi za aina hii ni za Dakar. Zilianza tarehe 26 Desemba, 1978, kutoka Paris kwenda Dakar, mji mkuu wa Senegali, mwendo wa kilomita 10,000 hivi kupitia jangwani. Vyombo 182, pikipiki na magari, viliondoka Paris. Vilivyofika ni 74 tu. Tangu 2020 mbio hizo hufanyika Saudi Arabia. Fabrizio Meoni wa Italia alishinda upande wa pikipiki mwaka 2001 na 2002, naye alifariki katika mbio hizo hizo mwaka 2005, zikipita Mauritania. Paulo Gonçalves wa Ureno, mzoefu wa miaka mingi, alifariki Saudi Arabia Januari 2020. Hao walikuwa mabingwa, wenye pikipiki bora na madaktari wanaofuata kwa helikopta. Je, kijana wetu anayetetemeka kwa homa, ambaye msaada wake ni trekta la jirani, anategemea nini?

Wala asiseme mtu kwamba mbio hizo ni za Wazungu wa Ulaya tu. Ross Branch wa Botswana, rubani wa ndege, aliingia Dakar kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Mwaka 2020 alishinda hatua moja ya mbio. Mwaka 2024 alimaliza wa pili, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa mbio ndefu za aina hiyo. Hesabuni miaka hiyo. Mtu huyo alianza kwa kujifunza, akapanda ngazi moja moja.

Sasa kwa nini mwili uwe na kazi kubwa namna hiyo wakati injini ndiyo inayovuta? Swali hili nimeulizwa mara nyingi, nalo ni zuri. Katika njia ya mawe mwendeshaji haketi. Husimama juu ya vikanyagio saa nyingi, magoti yamekunjwa kidogo, na miguu yake ndiyo inayopokea mishtuko. Miguu ikichoka huketi, na mishtuko yote huhamia mgongoni. Mikono nayo hushika usukani, klachi na breki bila kupumzika, mpaka misuli inakaza na vidole vinakataa kufumba. Hapo ndipo mtu anapoiona breki na asiweze kuikamata. Kijana ambaye mtulinga wake haujaunga sawasawa atafika hapo mapema kuliko wenzake.

Kuhusu malaria, tunafundisha darasani kwamba vimelea vyake huharibu chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni mwilini. Homa inaweza kuondoka leo, lakini damu hairudi kesho. Mtu huyo akipanda mlima hupungukiwa pumzi, kichwa kikawa chepesi na macho yakaona giza. Ongeza jasho la bondeni bila maji ya kutosha, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Kisha kuna usingizi, na hapa naomba nifanye hesabu ya darasani. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huitikia jambo polepole kama aliyekwisha kunywa pombe. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita mita 60,000 katika sekunde 3,600, yaani zaidi ya mita 16 kila sekunde. Mwendeshaji akichelewa kushika breki kwa nusu sekunde tu, amekwisha kwenda mita 8. Hiyo ni kama urefu wa darasa, kutoka ukuta wa nyuma hadi ubaoni. Nani anataka korongo liwe mahali pa ubao?

Wapo wanaosema kwamba dereva wa bodaboda yuko juu ya pikipiki kutwa nzima, kwa hiyo yu tayari. La hasha! Kutwa nzima yuko kazini, si mazoezini. Anaamka alfajiri, anabeba abiria na magunia, anakula akipata, analala usiku wa manane ili apate hesabu ya kumpelekea tajiri wake. Kazi hiyo inamfundisha njia, lakini inamchosha. Akiingia katika mashindano Jumapili baada ya wiki kama hiyo, anaanza akiwa tayari na deni la usingizi na la chakula.

Wapo pia wanaosema kwamba kujiandaa ni anasa ya matajiri. Hawa nawakumbusha Joginder Singh wa Kenya, mshindi wa mbio za magari za Safari mwaka 1965, 1974 na 1976. Alikuwa fundi wa magari, na mwaka 1965 alishinda kwa gari ambalo lilikwisha kutumika. Kulala mapema hakuuzwi dukani. Kukimbia kupanda milima ya Mbizi hakuna kiingilio. Maji ya kuchemsha na kuweka kwenye galoni yapo kila nyumba.

Isitoshe, sisi watu wa Ufipa tusingehitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Wazee wetu walikuwa wafua chuma mashuhuri. Matanuru yao marefu ya udongo, malungu, mabaki yake yapo mpaka leo katika mashamba yetu. Kazi ya kujenga tanuru, kukata kuni, kuchoma mkaa na kukusanya mawe ya chuma ilitangulia siku nyingi kabla ya moto. Na hata chuma kilipotoka katika tanuru kubwa hakikupelekwa moja kwa moja kwa mhunzi. Kilipitishwa kwanza katika tanuru dogo kisafishwe. Hakuna mzee aliyelitukana jiwe kwa sababu halijawa jembe. Aliliacha mpaka wakati wake.

Hivyo basi, napendekeza yafuatayo. Kwanza, mashindano haya yasifanyike mpaka serikali ya kijiji, afisa michezo na polisi wa usalama barabarani wameyajua na kuyaruhusu, na njia imekaguliwa ili isipite penye shule, mnada wala kisima. Pili, kila mshindani aonwe na mganga wa zahanati siku chache kabla, na mwenye homa, jeraha au damu pungufu asipewe namba. Tatu, usiku wa kuamkia mashindano pasiwe na ngoma wala pombe kwa washindani, na wamiliki wa pikipiki wawasamehe hesabu ya siku hiyo. Nne, pawe na vituo vya lazima vya kupumzika na kunywa maji, kimoja juu, kimoja katikati ya mteremko na kimoja bondeni, na gari la kubebea majeruhi liwe tayari kabla ya filimbi kupulizwa. Tano, hakuna kofia ngumu, hakuna mashindano.

La sita ndilo kubwa kuliko yote, nalo halihitaji fedha. Tuache kuwacheka wanaojitoa. Nimesema na kijana yule wa malaria. Haogopi mteremko wala hataki sana yule mbuzi. Anachoogopa ni kicheko cha kijiweni, na kicheko hicho ni chetu: cha wenzake, cha wafanyabiashara wa sokoni, cha baba zake wadogo wanaokaa kilabuni. Tukimsukuma kwa kicheko, akivunjika shingo tutachanga fedha za sanda, na wengine watasema ilikuwa ahadi ya Mungu. Mimi nasema tutakuwa tumeiandika ahadi hiyo kwa mikono yetu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kijana anayesema, "Mwaka huu siko sawa, nitakuja mwakani," hajashindwa. Amejipima, na kujipima ni kazi ngumu kuliko kupiga kiki. Natoa wito kwa wazee wa kijiji wakutane na vijana wetu kabla ya siku hiyo, wamwite mbele ya watu kila aliyeshauriwa kusubiri, na wampe mkono wa heshima. Mashindano hayo mimi mwenyewe nitayahudhuria na wanafunzi wangu, kwa furaha, iwapo nitajua kwamba kila atakayeondoka asubuhi ana mwili wa kumrudisha jioni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kijijini,
Sumbawanga, Rukwa.