Kilomita Mia Saba hadi Tambuka: Fasihi Inapopimwa kwa Miguu

Tangu mwanzoni mwa karne hii, umeenea miongoni mwa wasomaji wa riwaya huko Ulaya na Marekani mtindo wa mazoezi ambao haujajadiliwa vya kutosha katika kumbi zetu za fasihi. Mtu hutembea mtaani mwake, jioni akaandika umbali aliokwenda, kisha akauhesabu kuwa ni sehemu ya safari ya mhusika wa kubuni. Njia mashuhuri zaidi ni ya Frodo katika riwaya ya J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings (1954-1955), kutoka nyumbani kwake hadi mlima wa moto anakokwenda kuiteketeza pete. Watembezi hao huhesabu maili 1,779, yaani takriban kilomita 2,860. Maili 458 za kwanza humfikisha mtu Rivendell tu. Anayekwenda kilomita tano kwa siku atahitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kuufikia mlima.

Wapo wanaouita huu mchezo wa watu waliokosa shughuli. Mimi nashikilia kwamba wamegundua jambo ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tulipaswa kuligundua kabla yao.

Tuzitazame kwanza zile hatua 10,000 ambazo simu zetu hutudai kila siku. Asili yake si maabara. Zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Wanasayansi walikuja kuichunguza nambari hiyo baadaye. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikuweka idadi ya hatua, bali lilipendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa hiyo anayetembea kuitii simu naye anafuata ubunifu wa mtu, isipokuwa ubunifu wake hauna msuko. Akishindwa Jumatatu, Jumanne huanzia sifuri. Safari ya hadithi haimfanyii hivyo. Kilomita tatu za jana zingalipo, mhusika anamngoja pale pale alipomwacha, na mbele kuna mto ambao bado haujavukwa. Taharuki, ambayo tumeifafanua katika mitihani mara nyingi kupita kiasi, inafanya kazi miguuni.

Pingamizi zito ni la hali zetu. Maelfu ya wakazi wa Nairobi hutoka Kibera alfajiri kwenda Eneo la Viwanda kwa miguu kwa kuwa nauli haipo. Kuwaambia watu hao wahesabu kilomita zao kuelekea Rivendell ni kejeli. Nakubali. Lakini makala haya hayasemi nao. Yanasema nasi, ambao siku yetu huanzia kitini darasani, ikapitia kitini maktabani na kuishia kitini ndani ya matatu. Kisukari na shinikizo la damu havimwulizi mtu shahada yake.

Tukikubali kutembea, tutembee njia ya nani? Wengi watataja upesi njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, yapata kilomita 1,200. Naipinga. Njia ile ilipitiwa na wapagazi waliobebeshwa pembe na watumwa waliofungwa minyororo; kuigeuza kuwa dawa ya kitambi ni utovu wa adabu. Si kila umbali unafaa kuchezewa, na kigezo cha ubunifu hapa kina maana yake ya kimaadili.

Kwenye kazi za kubuni nako mambo si mepesi. Kusadikika ya Shaaban Robert imo angani, na wajumbe wake sita hutumwa pande zote, zikiwemo mbinguni na ardhini. Sijui kiatu cha kufikia huko. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), Kezilahabi anamtembeza mhusika mno, ila kila njia inakataa kupimwa. Jaribio la kuhesabu kilomita za Nagona litashindwa, na kushindwa huko kutamfundisha mwanafunzi mengi kuhusu mandhari ya riwaya ile kuliko kurasa kumi za nadharia.

Ipo hata hivyo kazi moja inayopimika vizuri, nayo ni kongwe: Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728. Tambuka ni Tabuk, kaskazini magharibi ya Saudia. Historia inasema kwamba msafara wa mwaka 630 ulifika huko bila kulikuta jeshi la Warumi. Vita vikali vya utenzi vimejengwa na ubunifu wa masimulizi. Kutoka Madina hadi Tabuk kwa barabara ni takriban kilomita 700, umbali unaokaribiana ajabu na ule wa Frodo hadi Rivendell. Watakaohofia kwamba ni kuidunisha kazi ya kidini wakumbuke kwamba tenzi zilitungwa zighaniwe mbele za watu, wala hazikuandikiwa rafu za maktaba. Kumghani Mwengo huku unatembea kunamrudisha karibu na alikotoka.

Linaloniuma ni jingine. Watembezi wa Tolkien waliwezekana kwa sababu mwaka 1981 Karen Wynn Fonstad, mchoraji ramani wa Marekani, alichapisha atlasi nzima ya ulimwengu ule wa kubuni, safari zikiwa zimepimwa siku kwa siku. Sisi tuna Pate, Ozi na Ukerewe, mahali pa kweli panapokanyagika, lakini ni nani kati yetu aliyechora njia ya mhusika hata mmoja? Tasnifu juu ya maudhui na dhamira zimejaa. Ningependa kumwona mwanafunzi wa uzamili akiwasilisha ramani, na msimamizi asimwulize hiyo ni fasihi au jiografia.

Kwa anayetaka kuanza muhula ujao, hesabu ni rahisi. Kilomita saba kwa siku, kwa siku mia moja, zitamfikisha Tambuka. Utenzi una beti zaidi ya 1,100. Basi ni beti kumi na moja au kumi na mbili kila asubuhi, ndipo avae viatu.