Mgonjwa Mahututi Asinyimwe Mbwa Wake

Wajibu wa hospitali hauishii katika kuuokoa mwili wa mgonjwa, kwa kuwa anayelazwa ni binadamu kamili, mwenye nafsi, kumbukumbu na wapenzi aliowaacha nyumbani. Wajibu huu husahaulika upesi zaidi katika chumba cha wagonjwa mahututi, yaani sehemu ya hospitali wanakowekwa watu ambao mapafu, moyo au figo zao haziwezi kufanya kazi bila msaada wa mashine na uangalizi wa saa zote. Katika nchi kama Marekani, Kanada na Uingereza, ambako mbwa hufugwa ndani ya nyumba na kuhesabiwa miongoni mwa watu wa familia, wagonjwa wengi huingia chumba hicho huku kiumbe aliyezoea kulala miguuni pao akiachwa nyuma, na jamaa huuliza kama anaweza kuletwa amwone mwenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba aletwe, kwa masharti makali na baada ya hali ya kila mgonjwa kupimwa peke yake, na kwamba hospitali inayokataa bila hata kulichunguza ombi hilo haijatimiza wajibu wake.

Uangalizi wa wagonjwa mahututi una asili inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulipatwa na mlipuko mkubwa wa polio, na daktari Bjørn Ibsen akashauri kwamba wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia watobolewe koo na kuwekewa mrija wa hewa. Kwa kuwa mashine za kupumulia hazikutosha, wanafunzi wa udaktari waliketi kando ya vitanda kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono yao, na mwaka uliofuata Ibsen akafungua katika mji huohuo chumba maalumu cha wagonjwa wa aina hiyo. Mashine zilizokuja baadaye zimeokoa maisha ya watu wengi mno, na hakuna mwenye akili timamu atakayezibeza, lakini zilipochukua kazi ya mikono ile zilimwondoa pia mtu aliyekuwa akiketi karibu. Mgonjwa wa leo hulala katikati ya taa zisizozimwa na ving'ora visivyonyamaza, asiweze kusema kwa sababu mrija umepita katikati ya nyuzi za sauti, na wengi huweweseka, yaani akili huvurugika ghafla hata wasijue wako wapi wala kama ni usiku au mchana. Wapo wanaopona na kurudi makwao wakiwa na udhaifu wa misuli, usahaulifu, sonona na hofu zinazodumu kwa miezi au miaka, mkusanyiko wa dalili ambao wataalamu wa Marekani waliupa jina lake rasmi mwaka 2012.

Dhidi ya maradhi haya ya nafsi, dawa za kutuliza pekee hazitoshi, na wakati mwingine huongeza kuweweseka kwenyewe. Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, aliandika katika kitabu chake cha uuguzi, kilichotoka mwaka 1859, kwamba mnyama mdogo wa kufugwa ni mwenzi mzuri wa mgonjwa, hasa aliyeugua kwa muda mrefu. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 92 wa moyo kwa mwaka mmoja baada ya kutoka hospitali, na katika 53 waliokuwa na wanyama wa kufugwa walikufa 3, ilhali katika 39 wasiokuwa nao walikufa 11. Mwaka 2007 Kathie Cole na wenzake, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, waliwagawa wagonjwa 76 wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo katika makundi matatu: wa kwanza walitembelewa kwa dakika 12 na mtu wa kujitolea akiwa na mbwa, wa pili na mtu peke yake, na wa tatu hawakutembelewa na yeyote. Waliotembelewa na mbwa ndio waliopungukiwa zaidi na wasiwasi, na hata adrenalini, ambayo ni homoni inayomwagika mwilini wakati wa hofu, ilishuka katika damu yao.

Haki inataka ielezwe kwamba mbwa wa utafiti huo wa mwisho walikuwa mbwa wa tiba, yaani mbwa waliofunzwa na kupimwa kwa ajili ya kuwatembelea wagonjwa wasiowajua, na kwamba mbwa wa nyumbani hana mafunzo hayo. Lakini ikiwa mbwa mgeni huweza kumpunguzia mtu hofu kwa dakika 12, ni vigumu kudai kwamba mbwa aliyeishi naye miaka kumi, anayeijua harufu yake na kuitika jina analoitwa naye, hana lolote la kumpa.

Pingamizi kubwa ni maambukizi, nalo halipaswi kupuuzwa, kwani tahadhari huja kabla ya hatari. Kinywani mwa mbwa mwenye afya kamili huweza kukaa bakteria aitwaye Capnocytophaga canimorsus, ambaye ni hatari sana kwa mtu aliyeondolewa wengu, na miguu ya mbwa huweza kubeba vijidudu sugu kwa dawa. Hata hivyo, habari zilizochapishwa mwaka 1998 katika jarida la tiba la New England zinafundisha jambo la kuzingatiwa. Watoto wachanga waliokuwa katika uangalizi mahututi walipatwa na kuvu ambayo makazi yake ya kawaida ni ngozi na masikio ya mbwa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ilielekea kuletwa na mikono ya wahudumu waliofuga mbwa majumbani mwao. Iliondoka baada ya unawaji mikono kusimamiwa barabara. Kwa hiyo kumzuia mbwa mlangoni si kinga kamili, na mkono usiooshwa hubaki kuwa hatari iwe mbwa yumo au hayumo. Hata chama cha Marekani cha wataalamu wa maambukizi ya hospitalini, kifahamikacho kwa kifupi kama SHEA, ambacho katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kilipendekeza wanyama wa nyumbani wasiingie kwa kawaida, kiliacha ruhusa pale jopo la matibabu linapoona kwamba mgonjwa atafaidika na hatari inaweza kudhibitiwa.

Namna ya kuidhibiti inajulikana. Mbwa awe amekwisha kukomaa, mpole, mwenye cheti cha chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, na awe amekaguliwa na daktari wa mifugo kwamba hana kidonda, kuhara wala viroboto. Aogeshwe na kuchanwa manyoya siku moja kabla ya kuja, akatwe kucha, afungwe kamba fupi na kupelekwa moja kwa moja kwa mwenyewe, bila kusimamishwa njiani apapaswe na kila apitaye. Muuguzi hutandika shuka safi upande wa kitanda usio na dripu wala mirija, hufunika vidonda na mahali sindano zilipochomwa, humtakasa mgonjwa mikono, kisha humweka mbwa mahali ambapo vidole vinaweza kuyafikia manyoya yake, asiruhusiwe kulamba uso. Muda wote huo jicho moja linaangalia mapigo ya moyo kwenye kioo cha mashine, na mbwa akionyesha woga, au mgonjwa akianza kusumbuka, ziara hukatishwa mara moja. Mbwa na aliyemleta wakishaondoka, shuka hutolewa, sakafu hupigwa deki kwa dawa, na kila aliyegusa hunawa. Kazi hii ni ndogo kuliko nyingi ambazo chumba hicho huzifanya kila siku bila kulalamika.

Wako ambao ruhusa hii haiwafai: aliyepandikizwa uboho, ambaye kinga yake imezimwa karibu kabisa, mwenye majeraha mapana ya moto, na aliyetengwa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Wako pia wengine ambao haki zao lazima zilindwe, kama vile mgonjwa jirani mwenye pumu inayoamshwa na manyoya, na mhudumu ambaye dini yake inamtaka ajiepushe na mate ya mbwa. Jambo hili la mwisho linawahusu Waswahili wenyewe, kwa kuwa wapo wauguzi wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi katika hospitali za Uingereza, na Waislamu wa pwani wengi hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mate hayo kuwa najisi nzito inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Muuguzi wa namna hiyo apangiwe kazi nyingine wakati wa ziara, wala asilaumiwe. Naye akumbuke kwamba dini hiyohiyo ina simulizi mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, hivyo kujiepusha na najisi hakumwondolei mtu wajibu wa huruma.

Wakuu wa hospitali, basi, waache kujificha nyuma ya neno «marufuku» na waandike utaratibu, wakiwashirikisha wataalamu wa maambukizi, wauguzi na madaktari wa mifugo. Jamaa wa mgonjwa nao waseme kweli kuhusu tabia ya mbwa wao, wala wasimlete aliyewahi kung'ata kwa kuwa tu wanampenda. Wauguzi waulize mapema, mgonjwa angali anaweza kujibu, ni nani angependa kumwona, na wapokee jibu bila kucheka hata kama anayetajwa ana miguu minne. Utaratibu huo uandikwe kabla ombi la kwanza halijafika, kwa sababu anayekaribia kufa hawezi kuisubiri kamati ikutane mwezi ujao, na ruhusa inayotolewa baada ya mazishi haimsaidii mtu yeyote.